Nani ataichora Ruvuma?

Ingia saluni, mgahawa au sebule mjini Mtwara, na mara nyingi ukutani utakuta bango la maporomoko ya maji, mlima wenye theluji na nyumba ya vigae vyekundu kando ya ziwa. Bango hilo huenda limechapwa China, likashushwa bandarini na kuuzwa na mmachinga kwa bei ya chakula cha mchana. Si dhambi mtu kupenda theluji asiyoijua. Kinachosumbua ni kwamba hana la kuchagua badala yake. Mkazi wa Mikindani anayetaka kutundika nyumbani kwake Ruvuma inavyomwaga matope yake baharini, au mikoko ya Msimbati maji yakiwa yamekupwa, hana pa kuinunua picha hiyo. Na hii ndiyo sehemu ya nchi iliyoipa Tanzania sanaa zake mbili zinazojulikana zaidi duniani, vinyago vya Wamakonde na michoro ya Tingatinga. Ninachodai hapa ni kwamba Kusini ianze sasa kuichora nchi yake, na kwamba rangi ya mafuta inaifaa kazi hiyo kuliko nyenzo nyingine. Mfano wa kutazama kwa makini tutaupata China, ambako wachoraji waliichukua rangi hiyo kwa wageni na katika muda wa karibu karne moja wakaifanya iseme juu ya milima na maji yao.

Tuanze na tulicho nacho. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, ndani ya bonde la Ruvuma. Kama vijana wengi wa Kusini wa zama zake, alikwenda kwanza kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam, na huko mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Alichora kwa miaka minne tu, maana mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Ndugu na wanafunzi wake waliushika mtindo, na mwaka 1990 ukapata chama chake cha ushirika. Tazama picha zenyewe: chui, ndege au twiga amesimama mbele ya uwanda wa rangi moja, na nchi haipo. Sisemi huo ni upungufu, kwa sababu mnyama wa Tingatinga anapata uzito wake hasa kwa kuwa nyuma yake hakuna kitu. Hata hivyo matokeo ni kwamba mwana wa Tunduru ametuachia mtindo usio na Tunduru ndani yake. Vinyago navyo ni hivyo hivyo. Mpingo wa Kusini umetoa watu waliobebana na mashetani waliopindana, lakini hautoi bonde wala maji, wala hakuna anayeudai utoe. George Lilanga, aliyezaliwa Lindi mwaka 1934, alitoka kwenye kinyago akaingia kwenye rangi kupitia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na mashetani wake walimpa jina hadi Ulaya na Japani. Kusini ilitoa watu na miti. Yenyewe ikabaki bila kuchorwa.

Kaskazini ilikuwa na bahati zaidi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere na baadaye Slade mjini London, kisha akaichora kwa rangi ya mafuta nchi ya Wachaga: migomba, njia za mteremkoni, watu wakiwa kazini chini ya mlima. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, iliingia katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960, na baada ya Uhuru yeye mwenyewe alikuwa Balozi wetu Uingereza. Kwa hiyo Mtanzania kuichora nchi yake kwa mafuta si ndoto mpya. Jambo hilo lilikwisha fanyika kabla ya Uhuru, na mtu huyo tulimheshimu kiasi cha kumpa ubalozi. Ila Kusini haijapata Ntiro wake.

Kwa nini nilete China katika mambo ya Mtwara? Kwa sababu China ilianza kwa kusuasua, na anayesuasua hufundisha kuliko aliyefika. Rangi ya mafuta iliingia huko pamoja na wamisionari. Mjesuti wa Italia, Giuseppe Castiglione, alifika Beijing mwaka 1715 na kuwachorea wafalme watatu mpaka alipokufa mwaka 1766. Wafalme walifurahia sura zilizofanana na watu wenyewe, lakini wasomi wa Kichina waliiona kazi hiyo kuwa ufundi tu, kwa kuwa walikuwa na sanaa yao ya mandhari yenye umri wa zaidi ya miaka elfu, iliyochorwa kwa wino juu ya karatasi na hariri, ambamo mlima na maji vilibeba fikra nzima ya mahali pa binadamu duniani. Mbele ya urithi huo rangi ya mafuta ilionekana nzito na ya kuiga. Katika karne ya 19 karakana ya Wajesuti huko Tushanwan, Shanghai, iliwafundisha watoto yatima kunakili picha za kanisa. Xu Beihong alikwenda Paris mwaka 1919, na Lin Fengmian akaongoza chuo cha sanaa kilichoanzishwa Hangzhou mwaka 1928. Baada ya mapinduzi ya Mao, kati ya 1955 na 1957, mchoraji wa Kisovieti Konstantin Maksimov alifundisha darasa maalumu Beijing, na kwa miaka mingi kazi za Wachina zikatawaliwa na ukahawia uleule wa Kirusi, hadi Wachina wenyewe wakaufanyia mzaha kwa kuuita rangi ya sosi ya soya.

Walioutoa uchoraji wa mafuta katika sosi hiyo hawakufanya hivyo kwa hotuba, ingawa hotuba zilikuwepo. Mwaka 1957 Dong Xiwen aliandika kutetea mtindo wa Kichina katika rangi ya mafuta, lakini kwangu ushahidi wenye uzito ni wa Wu Guanzhong. Alizaliwa mwaka 1919, akasoma Paris kuanzia 1947, akarudi nyumbani mwaka 1950 wakati wenzake kadhaa walichagua kubaki Ufaransa. Hakutaka kuchora viongozi wala wanajeshi, akaishia kwenye miti, vijiji na mito, somo lililoonekana dogo kisiasa. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipelekwa Hebei kufanya kazi za shamba. Ruhusa ya kuchora ilipopatikana hapakuwa na turubai wala kiegemeo. Alinunua ubao mweusi mdogo wa bei rahisi, ule wa kuandikia kauli za Mwenyekiti vijijini, akaupaka gundi, akaufanya uso wa kuchorea. Kiegemeo kikawa kikapu cha kubebea samadi, na wenzake wakawabatiza yeye na waliomfuata wachoraji wa kikapu cha samadi. Juu ya ubao huo alichora mtama, maboga na kuta za udongo. Pia alikuwa na tabia iliyowashangaza waliosoma Ulaya: alihamisha kiegemeo chake mara kadhaa wakati wa kuchora picha moja, akichukua mti hapa, nyumba kule na mto mahali pengine, kisha akaviunganisha kuwa mahali pamoja. Hivyo ndivyo wachoraji wa wino walivyofanya kwa karne nyingi, maana jicho lao lilitembea ndani ya picha na halikusimama mahali pamoja kama kamera. Mwaka 1992 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilimfanyia onyesho la peke yake, la kwanza kwa mchoraji wa Kichina aliye hai.

Wa karibu zaidi na siku zetu ni Hong Ling, aliyezaliwa Beijing mwaka 1955. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha taifa, lakini tangu miaka ya 1990 maskani ya kazi yake ni Huangshan, milima ya mkoa wa Anhui ambayo wachoraji wa wino waliichora mpaka ikaonekana hakuna kilichobaki. Yeye hupaka mafuta kwa tabaka nzito, huyaacha yachuruzike na kuyakwangua, na msitu wenye theluji au ukungu wa masika unatokea ndani ya rangi yenyewe. Mwaka 2016 kazi zake zilionyeshwa London katika ukumbi wa SOAS, chuo kilekile ambacho kwa miongo mingi kimefundisha Kiswahili. Nikiwatazama Wu na Hong pamoja, naona kilichowafanikisha si shule zao wala serikali yao, ambayo kwa Wu ilikuwa kikwazo zaidi ya msaada. Walikaa mahali pamoja muda mrefu kuliko mgeni anavyoweza kukaa, mpaka rangi ikalazimika kufuata hewa ya pale.

Sasa turudi pwani. Anayesimama ukingo wa uwanda wa Newala, pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, anaitazama ardhi ikiporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, na mto wenyewe ni uzi tu wa mng'ao kwa mbali. Aliye ndani ya mikoko kwenye maingilio ya mto haoni mto hata kidogo, anaona mizizi ya mkoko, mikandaa, michu na tope linalobadilika rangi kila saa kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Hakuna mahali pamoja panapoionyesha nchi hii nzima. Picha ya simu itakupa kipande. Ile ya droni itakupa ramani. Mchoraji anayejua kuhamisha kiegemeo chake, kama Wu, anaweza kuunganisha uwanda, bonde na bahari katika picha moja, na picha hiyo ikawa na ukweli ambao kamera haina. Hapo ndipo ninapomjibu anayesema kwamba simu janja zimemaliza kazi ya uchoraji.

Nyenzo yenyewe nayo inaelekea huko. Rangi ya maji hukauka juani kabla mkono haujageuka, na akriliki huganda kwenye sahani ya kuchanganyia ukiwa bado unatafakari. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji yake kupotea. Mafuta ya kitani yaliyomo hushikana polepole kwa hewa, kwa siku au majuma, na kwa muda huo mchoraji anaweza kuchanganya, kukwangua, kupaka tabaka jembamba juu ya zito na kuacha mwanga upenye. Tope la maji mafu linataka subira ya namna hiyo, na ukungu wa asubuhi msimu wa kusi vilevile. Lipo pia jambo ambalo halipatikani Paris wala Huangshan. Kuanzia karibu Juni, wakulima wa Tandahimba, Newala na Mtwara Vijijini hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na vumbi la njano huelea chini ya matawi, likatua kwenye majani, njia na nguo. Mikorosho ya njano juu ya udongo mwekundu, wanaume wenye mabomba mgongoni wakitokea ndani ya wingu! Sijui kama yupo mchoraji wa mandhari anayeweza kuomba zaidi ya hapo.

Najua nitaambiwa rangi ya mafuta ni ya Wazungu, na kwamba uchoraji wa mandhari Afrika ulikuwa macho ya mkoloni yakipima mali. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Thomas Baines alifuatana na msafara wa Livingstone wa Zambezi na kuichora nchi kama mahali panapongoja kuvumbuliwa. Livingstone mwenyewe alipanda Ruvuma kwa mashua kabla ya kuanza, mwaka 1866, safari yake ya mwisho kutoka Mikindani. Lakini chombo hakina uraia. Mkorosho ulitoka Brazil na kuletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno, na leo hakuna mtu wa Mtwara atakayekubali kuambiwa kwamba mkorosho si wake. Tena ile rangi ya kung'aa ya Tingatinga ni ya jamii hiyo hiyo ya rangi za mafuta, kwa hiyo daraja tulikwisha livuka bila kelele. Na tukiona aibu kuitazama nchi kwa sababu mkoloni aliitazama, tumemwachia yeye peke yake picha zake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Wachina walikuwa na miaka elfu ya mandhari ya wino nyuma yao, sisi tuna nini? Nakubali kwamba hatuna urithi wa namna hiyo, na mtu asijifariji kwa kusema vinyago ni kitu kilekile. Hata hivyo hatuanzi kwenye tupu. Mwaka 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la mila za mataifa huko Leipzig alipita Masasi na Newala, akawapa penseli na karatasi wapagazi wake na wenyeji wa huko, na michoro waliyomrudishia aliichapisha katika kitabu chake miaka miwili baadaye. Mkono haukuwa mgeni wa karatasi hata wakati ule. Halafu kuna elimu ya nchi ambayo imo vichwani na vinywani. Mvuvi wa Msangamkuu anatofautisha maji ya bamvua na maji mafu, anajua upepo kwa rangi ya bahari, na ana jina la kila mkondo na kila fungu. Wachina walikuwa na mapokeo ya jicho, sisi tuna mapokeo ya baharia na mkulima. Picha zitakazotokea hazitafanana na za Hong Ling, na zikifanana tutakuwa tumeshindwa.

Hapo panakuja onyo, kwa sababu China si Wu na Hong tu. Karibu na Shenzhen kuna Dafen, kijiji ambacho mfanyabiashara wa Hong Kong, Huang Jiang, alikifikia mwaka 1989 na kuanzisha karakana za kunakili. Wachoraji maelfu walijazana humo wakitoa Van Gogh kwa dazeni, kila mmoja akipaka kipande chake, kwa ajili ya hoteli na maduka ya Marekani na Ulaya. Dafen si mahali pa kudharau, kwani imelisha familia nyingi. Lakini sisi tunayo Dafen yetu tayari. Twiga yuleyule mbele ya machweo yaleyale, Kilimanjaro ileile na Mmasai yuleyule mwenye mkuki vimepangwa kwenye vibanda vya Dar es Salaam na Zanzibar kwa namna ambayo hakuna awezaye kutambua mkono wa nani ulichora nini. Anayependekeza uchoraji wa mandhari Kusini kwa sababu utalii utakuja ataishia hapo hapo. Mtalii anayefika Mtwara bado ni mmoja mmoja, na bahati hiyo ya upweke inafaa itumiwe.

Mwingine atasema: mkulima anangoja malipo ya korosho, kijiji cha uwandani kinatafuta maji, na wewe unazungumzia picha. Ningekubali kunyamaza kama nchi hii ingekaa ilivyo mpaka tutakapopata nafasi. Haikai. Waingereza walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2000 eneo hilo hilo, la kilomita za mraba zipatazo 650, lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari pamoja na maingilio ya Ruvuma. Mwaka 2013, Januari na Mei, watu waliingia barabarani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na vurugu zikagharimu maisha. Bomba lilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, likazinduliwa Oktoba 2015, na sasa mitambo ya Madimba imekaa katikati ya minazi na mikorosho. Haya yote ni mabadiliko ya sura ya nchi ndani ya maisha ya mtu mmoja, na tuliyobaki nayo ni picha za habari na takwimu za mapato.

Wachina wenyewe walikutana na jambo la namna hii kwa ukubwa usiolinganishwa. Bwawa la Magenge Matatu kwenye mto Yangtze liliwahamisha watu zaidi ya milioni moja na kuzamisha miji. Liu Xiaodong, mchoraji wa mafuta aliyezaliwa mwaka 1963, alikwenda pale, akaweka turubai zake kubwa juu ya magofu na kuchora vibarua na wahamishwa huku mto na milima ikiwa nyuma yao. Picha yake ya mwaka 2004 kuhusu watu hao iliuzwa mnadani Beijing mwaka 2006 kwa yuan zipatazo milioni 22, na walioinunua na kuitazama walijua fika inasema nini juu ya mradi ambao serikali iliujivunia. Haikuandika kaulimbiu. Iliweka watu mahali pao siku mahali hapo palipokuwa panaondoka, basi. China ilituletea bomba. Somo la uchoraji huu hatukuliomba, na hakuna aliyetunyima.

Kuhusu dini niseme kwa ufupi, maana pwani hii ina Waislamu wengi na wako wanaosita kutundika picha za viumbe hai nyumbani. Hilo ni lao na linastahili heshima. Lakini katika mapokeo ya Kiislamu, tangu kauli inayonukuliwa kutoka kwa Ibn Abbas, wanazuoni wengi wameruhusu kuchora miti na vitu visivyo na roho. Chui wa Tingatinga anaweza kumtatiza mwenye nyumba wa Mikindani; mikoko na maji haviwezi.

Linabaki suala la gharama. Mirija ya rangi ya mafuta ni ghali na huagizwa nje, turubai huota ukungu, na hewa ya chumvi haina huruma. Kwa turubai jibu ni lile la Wu na la Tingatinga: tumia ubao. Mbao za dari zinauzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, na zikipakwa gundi pande zote mbili hazipindi upesi. Kwa rangi, mchoraji wa mandhari hahitaji mirija ishirini. Udongo mwekundu na wa manjano wa uwanda wa Makonde ni malighafi ileile ambayo wachoraji wa kale kila mahali walisaga na kuchanganya na mafuta. Halafu kuna jambo linalopaswa kuwaamsha watu wa viwanda. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yanayowachoma vidole akina mama wanaobangua, na duniani mafuta hayo hutumika kutengenezea vanishi na rangi. Sisi sehemu kubwa ya korosho tunaiuza ghafi India na Vietnam, ganda likiwa juu yake. Sidai kwamba kesho asubuhi tutapata rangi ya wachoraji kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, kwa kuwa mafuta hayo ni meusi na yanahitaji utaalamu. Lakini mkoa unaosafirisha malighafi ya vanishi hauwezi kusema kwamba umekosa pa kuanzia.

Ninachopendekeza si jengo la mabilioni. VETA hufundisha upakaji rangi na uandishi wa mabango, na vyuo vya ualimu vya Mtwara hutoa walimu wanaokwenda mpaka Nanyumbu. Huko kote somo la kuchora nje, mbele ya kitu chenyewe, linaweza kuingizwa bila mtaala mpya. Halmashauri kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna sababu kikundi cha wachoraji kikose kwa kuwa tu hakifugi kuku. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Majengo ya zamani ya Mikindani yanaanguka moja baada ya jingine, na moja likikarabatiwa kwa ajili ya wachoraji wanaokubali kukaa mwaka mzima, kusi na kaskazi, litakuwa limepata mpangaji wa maana. Nasisitiza mwaka mzima. Warsha ya siku tatu yenye posho na fulana haitatoa mchoraji wa mandhari, na Kituo cha Utamaduni cha China kilichopo Dar es Salaam kikiombwa mwalimu, aombwe wa kukaa, si wa kufungua onyesho na kupanda ndege.

Iko pia adha ndogo ambayo wanaopanga mambo hawaiwazii. Ruvuma ni mpaka wetu na Msumbiji, na tangu vita vilipoanza huko Cabo Delgado mwaka 2017 mpaka huo una ulinzi mkali. Mitambo ya gesi nayo ina walinzi wake. Kijana atakayekaa saa sita ufukweni na ubao, akitazama mtambo na kuandika jambo, ataulizwa maswali, na si ajabu akapelekwa kituoni. Barua ya mkuu wa wilaya ingemaliza tatizo hilo kwa gharama ya karatasi moja.

Sanaa hii pia itahitaji mnunuzi wa kwanza, na mnunuzi huyo anafaa awe umma wenyewe. Ofisi za mkoa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, uwanja wa ndege, kumbi za halmashauri na kampuni za gesi zote zina kuta, na kuta hizo sasa zina kalenda. Kila ofisi ikinunua picha moja kwa mwaka kutoka kwa mchoraji anayeishi mkoani, kwa bei isiyomdhalilisha, vijana wachache watapata riziki ya kuwatosha wasihamie Dar es Salaam kuchora twiga. Manispaa ya Mtwara-Mikindani inaweza kuliweka jambo hili katika bajeti yake ijayo bila kumngoja mfadhili.